Kiti cha Singida Kaskazini kilikuwa cha nani?

Lazaro Nyalandu aligombea ubunge wa Singida Kaskazini mara nne, akashinda mara nne: 2000, 2005, 2010 na 2015. Alipoingia bungeni alikuwa na miaka 30. Akapanda hadi unaibu waziri, na Januari 2014 akakabidhiwa Wizara ya Maliasili na Utalii, wiki chache baada ya Khamis Kagasheki kujiuzulu kwa kashfa ya Operesheni Tokomeza, msako wa majangili. Mwaka 2015 alikuwa miongoni mwa wana-CCM waliochukua fomu za kuomba kugombea urais. Katika miaka yote hiyo 17 hakuna mpinzani aliyemnyang'anya jimbo kwenye sanduku la kura.

Alilipoteza kwa siku moja. Tarehe 30 Oktoba 2017, akiwa Arusha, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba anaachana na CCM, anauachia ubunge, na anaomba kupokewa CHADEMA. Wapiga kura wa Ilongero na Mtinko, waliompa kura miaka miwili tu nyuma, walizisikia habari hizo redioni kama Watanzania wengine.

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini mtu aliyechaguliwa kwa jina lake, picha yake ikiwa kwenye karatasi ya kura, apoteze kiti kwa sababu amebadili kadi. Jibu liko katika ibara mbili za Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 67 inasema mgombea ubunge lazima awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara ya 71 inakamilisha kazi: mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti chake kinakuwa wazi. Spika humwandikia mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Tume hupanga tarehe, wananchi hurudi kupanga foleni.

Singida Kaskazini ilipangiwa 13 Januari 2018. Siku hiyo majimbo matatu yalipiga kura pamoja, na kwa mwalimu wa uraia yangetosha kuwa somo zima. Songea Mjini ilikuwa wazi kwa sababu mbunge wake, Leonidas Gama, alikuwa amefariki dunia. Longido ilikuwa wazi kwa sababu mahakama ilibatilisha ushindi wa Onesmo Nangole wa CHADEMA. Singida Kaskazini ilikuwa wazi kwa sababu mbunge alihama. Kifo, hukumu na kadi ya chama, vyote kwa asubuhi moja. CCM ilishinda kote kutatu, na Justine Monko akachukua kiti cha Nyalandu.

Nyalandu mwenyewe hakugombea. CHADEMA ilisusia uchaguzi huo, ikilalamikia yaliyotokea katika uchaguzi mdogo wa madiwani wa kata 43 Novemba 2017. Hapa ndipo safari yake inapotofautiana na ya wahamaji wengine wa msimu ule. Maulid Mtulia aliacha CUF na ubunge wa Kinondoni. Godwin Mollel aliacha CHADEMA na ubunge wa Siha. Wote wawili walisema wanakwenda CCM kuunga mkono juhudi za Rais John Magufuli, maneno yaliyogeuka kuwa wimbo wa wahamaji. Februari 2018 wote wawili walisimamishwa na CCM katika majimbo yaleyale, wakarudi bungeni wakiwa na kadi mpya. Mwita Waitara alifanya vivyo hivyo Ukonga kabla mwaka haujaisha.

Ibara ileile, basi, ilizaa matokeo mawili. Aliyehama kuelekea chama tawala alikaa nje ya Bunge kwa miezi michache. Aliyehama kutoka chama tawala alitoka na hakurudi. Sheria haikuandikwa hivyo, lakini ndivyo ilivyofanya kazi, na mchambuzi anayeisoma Katiba bila kutazama nani anashinda chaguzi ndogo anasoma nusu ya ukurasa.

Ukitoka jimbo la Nyalandu kwenda kusini-mashariki unaingia Singida Mashariki, wilayani Ikungi, kwa Tundu Lissu. Yeye alilichukua jimbo mwaka 2010 kwa tiketi ya CHADEMA, katika mkoa uliokuwa ngome ya CCM. Ushindi ule ulipingwa mahakamani na mwaka 2012 kesi ikatupwa. Akashinda tena 2015. Tarehe 7 Septemba 2017 alimiminiwa risasi mchana kweupe nje ya makazi yake Dodoma, akakimbizwa Nairobi, na Januari 2018 akapelekwa Ubelgiji kwa matibabu zaidi.

Tarehe 28 Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kuwa kiti cha Singida Mashariki kiko wazi. Alitoa sababu mbili: Lissu hakuwa amemtaarifu Spika kwa maandishi mahali alipo, na hakuwasilisha tamko la mali na madeni linalotakiwa kwa viongozi wa umma. Zote zina mizizi katika ibara ya 71. Mbunge asiyehudhuria mikutano mitatu mfululizo bila ruhusa ya Spika hupoteza kiti. Mkutano mmoja wa Bunge una vikao vya wiki kadhaa, kwa hiyo kipengele hiki kinamlenga mtoro sugu, si mtu aliyekosa siku tatu. Kama kilikusudiwa pia mtu aliyelazwa hospitali ng'ambo, huku nchi nzima ikijua kilichompeleka huko, ni swali ambalo Mahakama Kuu haikulijibu. Septemba 2019 Jaji Sirillius Matupa aliyakataa maombi ya Lissu, kwa hoja kwamba alipaswa kupita njia ya kesi ya uchaguzi.

Wakati huo kiti kilishapata mwenyewe. Miraji Mtaturu wa CCM, aliyekuwa mkuu wa wilaya hiyohiyo ya Ikungi, alipita bila kupingwa na kuapishwa 3 Septemba 2019. Singida Mashariki ilibadili mbunge na chama bila kura hata moja kupigwa.

Si kila kiti cha Singida kilibadilika kwa mshindo. Mohammed Dewji, mfanyabiashara aliyezaliwa Singida, aliliwakilisha jimbo la Singida Mjini kuanzia 2005, na 2015 akaamua kutogombea. CCM ikamsimamisha Mussa Sima, akashinda.

Agosti 2020 njia za Nyalandu na Lissu zilikutana, na ajabu yake ni kwamba hazikukutana Singida. Baraza Kuu la CHADEMA lilikuwa linapendekeza mgombea urais, na wabunge wawili wa zamani kutoka majimbo jirani ya mkoa mmoja wakapambanishwa. Lissu alipata kura 405, Nyalandu 36, Mayrose Majinge 1. Mwaka huohuo Monko naye hakuwa tena mgombea wa CCM. Chama kilimsimamisha Ramadhani Ighondo. Tarehe 30 Aprili 2021, katika mkutano mkuu maalumu wa CCM uliomchagua Rais Samia Suluhu Hassan kuwa mwenyekiti, Nyalandu alitangaza kurejea chama alichokihama.

Ibara ya 71 haina meno sawa kwa kila mtu. Novemba 2020 CHADEMA iliwafukuza Halima Mdee na wenzake 18 kwa kuapishwa kuwa wabunge wa viti maalum bila baraka za chama. Kwa maandishi, waliofukuzwa hawakuwa tena na chama, hivyo hawakuwa na kiti. Kwa vitendo walikata rufaa ndani ya chama, kisha wakaenda mahakamani, na waliendelea kukaa bungeni hadi Bunge hilo lilipofikia mwisho wake 2025.

Kwingine mambo yamepangwa tofauti. Winston Churchill alihama chama cha Conservative kwenda Liberal mwaka 1904 akabaki mbunge wa Oldham, kwa kuwa Uingereza huhesabu kiti kuwa cha mtu. Katiba ya Kenya ya 2010 inamnyang'anya kiti anayehama, lakini inamruhusu mgombea binafsi na inawapa wapiga kura haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla ya muda, ingawa haki hiyo bado haijamtoa mtu yeyote.

Mtanzania hana haki yoyote kati ya hizo mbili. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kasoro kubwa ni ya pili: chama kinaweza kukiondoa kiti, Spika anaweza kutangaza kiko wazi, mahakama inaweza kukibatilisha, ila mpiga kura wa Singida aliyekitoa hana mlango wa kukidai mpaka miaka mitano iishe.

Haki ya kwanza iliwahi kupiganiwa. Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya mgombea binafsi Mahakama Kuu mara mbili. Baada ya ushindi wa kwanza, wa 1994, Katiba ilirekebishwa kuuzima. Baada ya ule wa 2006, Mahakama ya Rufani iliutengua mwaka 2010 na kusema jambo hilo ni la Bunge. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kuwa katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika na kuitaka Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, na katika uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 kila mgombea ubunge nchini bado alilazimika kudhaminiwa na chama.