Mkono wa babu unatetemeka? Usikimbilie vidonge vya mtandaoni

Umeenda ushago likizo. Babu ameketi nje, mkono umelala juu ya paja, haufanyi kazi yoyote, lakini unatetemeka. Siku hizi anatembea polepole, na hata sauti yake imefifia. Jirani ananong'ona kuwa amerogwa. Shangazi anasema ni uzee tu.

Wewe unatoa simu. Dakika tano baadaye umekutana na mtu anayeapa kwamba melatonini, vile vidonge vya kuleta usingizi, hulinda ubongo dhidi ya ugonjwa wa Parkinson. Tayari unapiga hesabu ya pesa za kuviagiza.

Ngoja kwanza. Habari hiyo si uongo mtupu, ila umesimuliwa nusu tu.

Melatonini ni homoni ambayo mwili wako hujitengenezea. Giza likiingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo huimwaga kwenye damu, na mwili unajua usiku umefika. Mwanga wa simu unayoiskroli saa saba usiku huweza kuichelewesha.

Parkinson nayo ilielezwa na daktari Mwingereza, James Parkinson, mwaka wa 1817. Katika ugonjwa huu, seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, hufa moja baada ya nyingine. Mkono unapoanza kutetemeka, nyingi zimeshakwenda.

Dawa kuu, levodopa, humrudishia mgonjwa dopamini aliyopungukiwa. Humsaidia kutembea, kufunga vifungo vya shati na kushika kijiko. Lakini haijathibitishwa kuzuia seli zilizobaki zisife. Ndiyo maana wanasayansi bado wanatafuta kitu cha kuzilinda.

Vijana walioganda

Mwaka wa 1982, huko California, Marekani, watu kadhaa waliotumia heroini bandia walifika hospitalini wakiwa wameganda kama sanamu. Hawakuweza kusogea wala kuzungumza vizuri. Walionekana kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi, ilhali baadhi yao walikuwa vijana tu. Daktari William Langston na wenzake waligundua kuwa dawa hiyo ilikuwa na sumu iitwayo MPTP, ambayo huua zile seli za dopamini.

Tangu hapo, maabara huwapa panya sumu hiyo ili kuchunguza ugonjwa. Katika majaribio kadhaa, panya waliopewa melatonini pia walipoteza seli chache zaidi. Inaonekana homoni hii hupunguza chembe haribifu za oksijeni na kuzilinda mitokondria, yaani sehemu za seli zinazozalisha nishati.

Safi, si ndiyo? Lakini babu si panya. Panya hupewa sumu kwa siku chache, tena mara nyingi dawa huanza mapema. Ugonjwa wa babu umejijenga kimyakimya kwa miaka. Majaribio kwa binadamu yamekuwa madogo, na faida iliyoonekana zaidi ni usingizi bora. Hakuna lililothibitisha kwamba melatonini hupunguza kasi ya Parkinson.

Muulize nyanya

Kuna jambo moja la usingizi ambalo ni muhimu kweli. Kwa kawaida, ukiota, misuli yako hulegea ili usiigize ndoto. Kuna watu ambao breki hiyo hukatika: wanapiga mateke, wanarusha ngumi, wanapiga kelele wakiwa usingizini. Wengi wao, hasa wazee, hupata Parkinson au magonjwa yanayofanana nayo miaka kadhaa baadaye. Madaktari huwapa baadhi yao melatonini ili kutuliza vurugu hizo za usiku. Lakini kutuliza ndoto si kuzuia ugonjwa.

Basi muulize nyanya, maana yeye ndiye anayelala kando yake: babu hupiga mateke usiku? Alianza lini? Je, bado anasikia harufu ya chakula kikiungwa? Kupoteza uwezo wa kunusa na kufunga choo pia vinaweza kutangulia kutetemeka.

Kisha mpeleke kwa daktari, ikiwezekana wa mishipa ya fahamu. Mrekodi video fupi, kwa ruhusa yake, akitembea na akiwa ameketi. Mbele ya daktari mkono huweza kutulia. Kama tayari anatumia levodopa, asiiache ghafla hata siku moja kwa sababu ya kidonge ulichosikia mtandaoni. Inaweza kumletea hatari kubwa. Mazoezi nayo, hata kutembea, humsaidia.

Na vile vidonge? Mwaka wa 2023 watafiti Marekani walipima aina 25 za peremende za kutafuna zilizouzwa kama melatonini. Aina 22 zilikuwa na kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye lebo. Moja haikuwa na melatonini kabisa.

Pesa ulizokuwa umezitenga kuviagiza zitumie kwa nauli ya babu kwenda hospitalini.