Sukari ikishuka mpakani: Dakika 15 za kuokoa msafiri

Mfanyabiashara aliyejidunga insulini alfajiri kama kawaida, kisha akakwama kwenye foleni ya forodha hadi saa sita mchana bila kula, yumo hatarini kuliko mzigo wake. Dawa inaendelea kufanya kazi mwilini hata kama chakula hakijaingia.

Dalili za sukari kushuka huja haraka: kutetemeka, jasho, njaa kali na moyo kwenda mbio. Ubongo ukizidi kukosa sukari, mtu huyumba, huongea ovyo na kugombana bila sababu. Hapo ndipo wapita njia hukosea. Humdhania mlevi, wakamwacha, naye akazimia.

Wanaokabiliwa zaidi na hatari hii ni watumiaji wa insulini na vidonge kama glibenklamidi. Metformini peke yake ni nadra kuleta tatizo hilo. Pombe bila chakula na kubeba mizigo kuliko kawaida huongeza hatari.

Kipimo kikisoma chini ya 3.9, au chini ya 70 kwa mashine zinazotumia miligramu, mgonjwa achukue hatua papo hapo. Anywe nusu glasi ya soda yenye sukari au juisi, au maji yenye vijiko vinne vya chai vya sukari. Apime tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, arudie. Ikipanda, ale chakula cha kushibisha, kama mkate, ndizi au chapati. Asiye na mashine asisubiri kupima, dalili zinatosha.

Aliyezimia hapewi kinywaji, kwani kinaweza kumpalia. Alazwe ubavu na akimbizwe kituo cha afya.

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kigali hurudisha saa nyuma kwa saa moja akivuka Rusumo. Saa moja si nyingi, lakini mlo ukisogezwa na sindano ya mlo ibaki palepale, sukari huweza kushuka. Sindano hiyo ifuate chakula, si saa ya ukutani.

Insulini isiwekwe kwenye buti la basi wala karibu na kioo cha mbele cha gari. Ikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari cha kuwaonyesha maofisa. Chupa iliyofunguliwa hudumu takriban wiki nne mahali pasipo na joto kali.

Wapo pia ambao sukari yao hushuka bila dawa yoyote. Chanzo kimojawapo ni insulinoma, uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini bila kipimo. Kwa binadamu ni nadra. Kwa fereti, mnyama mdogo wa jamii moja na kicheche anayefugwa majumbani Marekani, ni wa kawaida, hasa akishapita miaka mitatu. Mwenye fereti huambiwa aangalie miguu ya nyuma inayolegea na macho yanayokodoa. Daktari wa mifugo humpasua au kumpa prednisoloni. Mtu asiye na kisukari anayeishiwa nguvu mara kwa mara akiwa na njaa naye asijiponye kwa soda tu. Akapimwe hospitalini.

Kabla ya safari, mwenye kisukari amwambie mwenzake mmoja hali yake, na sukari ikae mfukoni, si kwenye mzigo.