Kuba la Jochi na Mifupa Isiyo na Jina

Kila litajwapo kaburi la Jochi katika nyika za Ulytau, katikati ya Kazakhstan, huulizwa kama kweli mwana huyo mkubwa wa Genghis Khan amelala chini ya kuba lile la samawati kando ya Mto Kengir, na kila mara mwanaakiolojia, yaani mchunguzi wa mabaki ya kale, hutakiwa athibitishe jina kabla hajalichunguza jengo.

Wanaosadiki hutegemea kwanza hadithi ya Aksak Kulan: mwana wa Khan aliuawa na punda-mwitu mawindoni, na kwa kuwa Khan alikwisha apa kummiminia risasi iliyoyeyushwa kooni yeyote atakayemletea tanzia, mwanamuziki aliieleza kwa dombra, ala ya nyuzi mbili, pasipo kutamka neno, ndipo dombra ikamiminiwa risasi, ikatoboka. Hadithi ni tamu, lakini inaeleza tundu la ala, haielezi msingi wa kuba. Kisha hutajwa uchimbaji wa mwanaakiolojia Alkey Margulan wa mwaka 1946, kana kwamba mifupa aliyoifukua ilikuwa na jina. Haikuwa nalo.

Jochi alifariki mnamo 1227, naye hakuwa Mwislamu. Giovanni da Pian del Carpine, mtawa wa Kitaliano aliyefika kwa Wamongolia katika miaka ya 1240, aliandika kuwa wakuu wao walizikwa kwa siri, na majani yakarudishwa juu ya kaburi ili mahali pasijulikane. Kuba la matofali ya kuchoma, lenye lango kuu lililoinuliwa mbele, ni usanifu wa Kiislamu, na Uislamu ulishika mizizi katika dola ya uzao wake baadaye, chini ya watawala wake Berke na hasa Özbek, aliyetawala kuanzia 1313. Anayedai kwamba mifupa ilihamishiwa humo baadaye alete ushahidi.

Vinasaba navyo huonyesha ukoo, havitaji mtu, na kaburi la Genghis la kulinganishia halijapatikana. Kilichobaki ni kupima kaboni ya mifupa, kuchukua sampuli za chokaa katika kuta za asili tu, si zilizokarabatiwa, na kulinganisha vigae na vya majengo yenye tarehe.

Hata hivyo, jina la Jochi kwa kaburi hilo ni la zamani: mwanahistoria Hafiz-i Tanish wa Bukhara aliliandika mwishoni mwa karne ya 16, zaidi ya miaka 300 baada ya Jochi kufa.