Umeme wa Ubongo na Mtoto Mzito wa Kusema

Katika kata ya Lizaboni, mjini Songea, si ajabu kumkuta mtoto wa miaka mitano azungumzaye Kingoni na bibi yake na Kiswahili na wenzake mchezoni. Watoto walio wengi huzimudu lugha mbili bila kufundishwa na mtu. Lakini katika kila jamii wapo wachache ambao, ijapokuwa masikio yao husikia vyema na katika mambo mengine ni werevu, lugha huwawia ngumu. Mtoto wa namna hiyo huunga maneno mawili matatu tu, hushindwa kusimulia hadithi aliyoisikia jana, na atumwapo vitu viwili hurudi na kimoja. Huyu atasema ulimi wake ni mzito. Yule atamdhania mkaidi au mjinga. Mwingine atashauri aachishwe lugha ya nyumbani. Je, kasoro iko wapi hasa?

Lugha na ubongo

Mwaka 1861, mjini Paris, daktari Paul Broca aliuchunguza ubongo wa marehemu mmoja ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu. Ulimi wa mtu huyo haukuwa umepooza. Dhara lilikuwa katika sehemu ya mbele ya ubongo, upande wa kushoto. Mwaka 1874 Mjerumani Carl Wernicke alieleza sehemu nyingine, iliyo nyuma ya ile ya kwanza, ambayo ikidhurika mgonjwa husema kwa wepesi maneno yasiyo na maana, wala haelewi vyema aambiwayo.

Uchunguzi wa namna hiyo ulingoja kifo. Njia ya kuuchunguza ubongo ulio hai ilipatikana pale Hans Berger, daktari wa Jena nchini Ujerumani, alipotangaza mwaka 1929 kwamba umeme wa ubongo wa binadamu waweza kupimwa juu ya ngozi ya kichwa. Seli za neva hupashana habari kwa umeme na kemikali. Elektrodi zinazobandikwa kichwani hupokea tu umeme huo. Haziingizi umeme mwilini, wala hazimuumizi mtoto.

Umeme wenyewe ni mdogo mno. Mwitikio wa ubongo kwa neno moja ni maikrovolti chache. Betri ya tochi ina volti 1.5, yaani mara 300,000 ya mwitikio wa maikrovolti 5. Tena mwitikio huo umefichwa na shughuli nyingine za ubongo. Kwa hiyo wataalamu hurudia sauti ile ile mara nyingi na kutafuta wastani. Wanafunzi wa hisabati watatambua kanuni yake: vurugu hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya marudio. Marudio 100 huipunguza mara 10.

Ubongo ukisikiliza

Tuseme mtoto anasikilizishwa neno «bata» mara nyingi mfululizo, na ghafula linaingizwa «pata». Kabla ya robo ya sekunde kupita, ubongo huonyesha wimbi la kutambua badiliko hilo, hata kama mtoto anatazama picha na hasikilizi kwa makusudi. Akisikia «Mama anapika jiwe» badala ya «Mama anapika ugali», wimbi jingine hukua baada ya milisekunde 400 hivi. Wimbi hili la maana lilielezwa mwaka 1980 na Marta Kutas na Steven Hillyard huko Marekani.

Katika tafiti kadhaa, mawimbi ya watoto wenye upungufu wa lugha yameonekana kuwa madogo au yenye kuchelewa. Hata hivyo tafiti zote hazikukubaliana, na tofauti hizo ni za wastani wa makundi. Hazitoshi kumpambanua mtoto mmoja mmoja. Jambo linalodhihirika ni kwamba ugumu waweza kuanzia katika namna ubongo unavyozipokea na kuzipanga sauti na maana, wala si katika ulimi.

Wako watoto wanaozaliwa na upungufu huu bila sababu iliyo wazi, ingawa urithi una sehemu yake. Tafiti za Marekani na Uingereza zimekadiria watoto 7 hivi katika kila 100. Uwiano huo ukishika popote, darasa la watoto 45 litakuwa na watatu wa aina hiyo.

Wengine huupata baada ya ugonjwa. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti walichapisha mwaka 2006 matokeo ya kuwapima watoto kadhaa lugha. Miongoni mwa waliowahi kuugua malaria ya ubongo, 11.8 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa lugha. Waliopata malaria yenye degedege kali, 9. Na wasiopata kabisa malaria kali, 2.2 tu. Kwa mkoa kama Ruvuma, ambako malaria ingali tishio, chandarua na matibabu ya mapema huulinda uhai, na pamoja nao huilinda lugha ya mtoto.

Wajibu wa mwalimu

Lugha mbili hazileti upungufu huu. Mwenye upungufu huonyesha ugumu katika lugha zake zote. Anayejifunza Kiswahili karibuni, lakini asimuliaye vizuri kwa Kingoni, hana ugonjwa wowote. Kwa hiyo yafaa mwalimu amwulize mzazi jinsi mtoto anavyosema nyumbani. Hatua ya kwanza ni kupimwa masikio hospitalini. Kisha mtoto aambiwe sentensi fupi, aonyeshwe picha au kitu chenyewe, arudiwe maneno bila kukaripiwa, na angojwe ajibu. Ubongo wa utotoni ungali unajijenga, na miaka hiyo haitarudi. Mtoto aketishwaye nyuma ya darasa kwa jina la mjinga huikosa miaka hiyo, na kosa hilo si la ulimi wake.