Je, Wajua? "Watakatifu" waliokuwa wakorofi

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, William Chambliss, alichapisha utafiti kuhusu makundi mawili ya wavulana wa shule moja ya sekondari, aliowafuatilia kwa miaka miwili. Vijana wanane wa familia zenye uwezo aliwaita Watakatifu. Sita wa familia za kipato cha chini, Wakorofi.

Utakatifu wenyewe ulikuwa wa jina tu. Vijana hao walitoroka shule mara kwa mara, walikunywa pombe, wakaendesha magari wakiwa wamelewa na kuharibu mali za watu. Kwa wingi wa makosa hawakuachwa nyuma na Wakorofi, huenda waliwapita. Hata hivyo, Wakorofi ndio waliosumbuana na polisi kila mara, na hakuna Mtakatifu aliyekamatwa rasmi.

Kilichowaficha ni gari, kwanza. Walikuwa nalo, kwa hiyo vituko vyao walivifanyia mbali na nyumbani. Wakorofi, wasio na usafiri, walijazana kwenye kona ya mtaa, kila mpita njia akiwaona. Pili ni ulimi: mbele ya askari, Mtakatifu alikuwa mpole na mwenye majuto, Mkorofi akajibu kwa nyodo. (Askari naye ni binadamu, hupenda kuheshimiwa.)

Baada ya sekondari, Watakatifu saba walikwenda chuoni moja kwa moja. Wakorofi wawili walifungwa kwa mauaji. Wengine wawili walipata ufadhili wa masomo kwa kipaji cha futiboli ya Kimarekani, kisha wakarudi shuleni kama walimu.