Je, Wajua? Machweo ya Manga kwenye Kompyuta
Kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya hazifiki hata digrii moja kusini mwa ikweta, ndiyo maana jua huko huzama karibu wima, digrii moja kila dakika 4. Ukitengeneza mawingu ya jioni juu ya mwinuko wa Manga ulioko huko kwa programu ya Blender, usiyapake wekundu tu. Picha itaonekana ya uongo. Shusha jua digrii 1 au 2 chini ya upeo, upande wa Ziwa Viktoria. Mwanga hupita hewa nyingi, samawati hutawanyika njiani, wekundu husalia. Mawingu ya chini huzimika kwanza, ya juu yakiendelea kuwaka. Mjapani Tomoyuki Nishita na wenzake walichapisha hesabu za kuchora mtawanyiko huo kwa kompyuta mwaka 1993.