Magadi: Neno na Kitu Chenyewe

Neno magadi hufuata ngeli ya maji na mafuta: twasema magadi haya, magadi yameyeyuka, kitu chenyewe hakihesabiwi, hupimwa. Mwalimu akiulizwa darasani magadi ni nini, asiridhike na kujibu kwamba ni chumvi ya kulainishia maharagwe.

Katika Ziwa Magadi, nchi ya Kenya, chemchemi za maji ya moto huleta chumvi zilizoyeyuka. Ziwa halina mto wa kulitoa maji. Jua huyakausha, na magadi huganda tabaka juu ya tabaka. Kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911. Yakichomwa tanurini hutumika katika kazi ya kioo, maana mchanga uliochanganywa nayo huyeyuka kwa moto mdogo kuliko mchanga mtupu. Wavuta ugoro nao huyatia katika tumbaku ili iwe kali.

Wahubiri huyakuta katika Yeremia 2:22, pamoja na sabuni, na katika Mithali 25:20, pamoja na siki. Kiebrania huyaita neter, na jina la Ziwa Natron latoka katika asili hiyohiyo. Wamisri wa kale walikaushia maiti kwa magadi ya namna hii. Mfano wa Mithali hauhitaji maelezo marefu: tieni siki katika magadi mbele ya darasa, yatafura na kutoa povu, na vyote viwili vitapotewa na nguvu. Ndivyo ulivyo wimbo wa furaha kwa mwenye huzuni.

Sasa tuje jikoni. Magadi huivisha maharagwe upesi na kupunguza kuni, wala hatumlaumu mama atafutaye kuni mbali. Lakini mara nyingi magadi ya Bonde la Ufa yana floridi, ambayo macho wala ulimi hauitambui. Mtoto akiila kwa wingi wakati meno yake ya ukubwani yangali yakijengwa ndani ya ufizi, meno hayo hutoka na madoa ya kahawia. Na floridi nyingi ikiliwa miaka mingi, mifupa nayo hudhurika. Pande za Arusha na Kilimanjaro, mahali pengi maji ya kunywa yenyewe yana floridi, na magadi huongeza mzigo.

Tumesikia watoto wa namna hiyo wakikemewa shuleni kwamba ni wavivu wa kupiga mswaki. Kemeo hilo si la haki: doa limo ndani ya jino, na mswaki hauliondoi. Afadhali mwalimu azungumze na wazazi, maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, kisha yapikwe bila magadi.